Mkanda wa kiunoni nao ni mkanda, ila uonyeshe mapema

Landrover ya marehemu baba ni Series III, 109, ya mwaka 1974, na ndo ninayoendesha mpaka leo hapa Dodoma, watu wananishangaa wacha wanishangae. Sisi tuliipata haina mkanda hata mmoja, mzee ndo aliipeleka kwa fundi miaka hiyo akafungiwa mikanda ya kiunoni siti mbili za mbele, ile inayopita mapajani tu kama ya kwenye ndege. Begani hakuna kitu. Mkanda huo ndo uliniandikisha faini ya elfu 30 na huo huo ndo ulinitoa, kwa hiyo wenye magari ya kizamani sogeeni hapa.

Ilikuwa Jumamosi natoka Kibaigwa, nyuma nina gunia nne za mahindi, pembeni kakaa mtoto wa kaka yangu. Tumeshapita Buigiri, upepo wetu mnaujua, vumbi linaingia kwenye kila tundu na hiyo gari ina matundu mengi, nikajitandika khanga mapajani nisichafue gauni. Khanga ikafunika mkanda. Mbele kidogo trafiki akanyoosha mkono, nikaegesha pembeni, hapo sasa ndo nikafanya ujinga wangu, nikafungua mkanda ili nifikie leseni kule kwenye shelfu ya dashibodi. Afande anafika dirishani ananikuta niko huru kama niko sebuleni.

"Dada, mkanda?"

"Nilikuwa nimefunga afande, nimefungua sa hivi nichukue leseni."

"Nimekuangalia tangu kule. Begani hukuwa na kitu."

Na hakudanganya, begani kweli sikuwa na kitu. Nimekuja kumwelewa baadaye, yeye siku nzima anasimama juani anaangalia ule mshazari kifuani kwa dereva, akiuona sawa, asipouona anaandika. Nikainua khanga nikamwonyesha mkanda wenyewe, akauangalia, akasema huo ungefungwa angeuona, akabonyeza mashine yake, karatasi ikatoka. Nilitaka kubwata aisee. Shemeji yangu mmoja aliwahi kubwata barabarani, akatoka na makosa matatu badala ya moja, taa na tairi zikaangaliwa upya, kwa hiyo nikameza. Na gari la miaka hamsini ukilikagua kwa nia hukosi kitu.

Cha kwanza nilichofanya kabla sijaondoa gari, nikafunga mkanda, nikamwambia kijana apige picha akiwa nje ya dirisha, mara moja na khanga, mara moja bila khanga. Ukiziweka picha zote mbili pamoja hata mtoto anaelewa kilichotokea. Halafu yule kijana akakumbuka kwamba kule Kibaigwa tunaondoka alikuwa ananirekodi, ananicheka jinsi ninavyopigana na gia ya pili, na kwenye ile video khanga bado ipo begani na kifungo cha mkanda kinaonekana kabisa kimebanwa tumboni kwangu, saa na tarehe vipo kwenye simu. Hiyo video sikuipanga, ni bahati tu, ila sa hivi nawaambia muwe mnapanga.

La pili, usikimbilie kulipa. Watu wengi wanalipa usiku huo huo kwa simu wasisumbuliwe halafu wiki ijayo wanaanza kulalamika, lakini kulipa faini ya papo kwa papo maana yake umekubali kosa, kama hukubali unayo haki ya kusema hapana na shauri likaenda mahakamani. Ila pia usilale, una siku 7, zikipita deni linaongezeka. Mimi Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisi ya trafiki, na sikwenda na karatasi peke yake, nilienda na Landrover yenyewe, nikaiegesha pale nje. Hii naisisitiza kwa sababu ukienda na maneno matupu kila mtu ana maneno.

Mzee mmoja mwenye cheo akanisikiliza. Shikamoo, marahaba, nikaeleza kwa kifupi bila kumsema vibaya yule askari, nikasema afande aliangalia begani na hii gari mkanda wake hauko begani. Basi. Sikuleta habari za kwamba gari ni la kale lisamehewe. Kuna jamaa wa magari ya zamani alinishauri niseme hivyo eti Uingereza yamesamehewa, nikamwambia huko wanaosamehewa ni gari la kabla ya 1965 ambalo halina mikanda kabisa, la kwangu la 1974 hata huko ningefunga tu, halafu hapa ni Dodoma, sheria yetu ya usalama barabarani inasema dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda. Ukianza kuomba msamaha wa umri wa gari umeshakiri kwamba hukufunga. Hoja yangu ilikuwa moja, nilifunga.

Mzee akatazama video mara mbili, ya pili akacheka kuhusu hiyo gia. Akatoka nje, akapanda mwenyewe kwenye siti ya dereva, akajifunga, akauvuta kwa nguvu kuona kama bolti zimeshika. Zimeshika. Akasema wataiangalia na nisilipe kwanza. Siku ya tatu nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo, hakuna deni.

Lakini kabla hajashuka aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, "Mama, ukigonga, hicho kichwa kinashikwa na nini?" Akaelekeza kidole kwenye usukani. Usukani wa ile gari ni chuma na plastiki ngumu, uko karibu na uso, na mkanda wa kiunoni unakushika kiuno tu, juu kote unaenda mbele. Volvo walianza kuweka mkanda wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni, tangu 1959, mimi nabishania haki yangu ya kufunga mkanda uliopitwa kabla sijazaliwa.

Nimeshaipeleka gari kwa fundi afunge mikanda ya begani, siyo fundi wa vichochoroni, ni anayejua kuweka bamba la chuma pale juu bolti inapokaa, maana ukitoboa bodi tu na kuweka nati, ile bodi ya Landrover ni aluminiamu, siku ya siku inachanika kama boksi la biskuti. Upande wa dereva umekwisha, wa abiria fundi anasubiri bolti. Khanga nimeihamishia siti ya nyuma.