Ubora kwenye utafiti wa msingi: pipeti moja ilitupotezea wiki tatu

Mkuu umeuliza kama hii mifumo ya ubora, yaani taratibu za kuhakikisha majibu ya maabara yanaaminika, ina maana yoyote kwa anayefanya utafiti wa msingi (ule wa kutafuta kuelewa tu, sio wa kupima dawa au bidhaa), au ni ya viwandani na maabara za hospitali tu. Nipo maabara hapa Dar miaka kadhaa sasa, naomba nikujibu kwa yaliyonikuta.

Kuna kipindi mimi na mwenzangu tulikuwa tunapima sampuli zile zile na majibu hayaendani kabisa, wiki tatu tunabadilisha kemikali, tunarudia, mpaka tukaanza kutiliana shaka, kumbe shida ni pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika kidogo kidogo. Dada mmoja wa maabara ya jirani ndo akatuambia ipimeni kwa maji, mikrolita 100 za maji lazima zikaribie gramu 0.1. Tukaweka kikopo kwenye mizani, tukadondosha, ikasoma 0.088, tumerudia mara kumi inacheza hapo hapo. Kibaya zaidi hakuna mahali palipoandikwa nani katumia pipeti ipi siku gani, kwa hiyo data za miezi ya nyuma hatukujua ipi nzima ipi mbovu. Iliniuma sana.

Tangu hapo kila pipeti ina namba, inaandikwa kwenye daftari, na kila mwezi tunazipima kwa maji. Friza ya nyuzi -80 ina karatasi mlangoni, asubuhi na jioni mtu anaandika joto na kusaini, maana umeme wetu unaujua, ukikatika Jumamosi usiku utajuaje?

Na sio sisi tu, 2012 kwenye jarida la Nature iliandikwa kwamba watafiti wa Amgen, kampuni ya dawa ya Marekani, walijaribu kuthibitisha tafiti 53 kubwa za saratani, majibu yakajirudia kwa 6 tu.

Ila usibebe GLP (Good Laboratory Practice, kanuni za utendaji bora wa maabara) nzima nzima, ile ilitungwa kwa ajili ya vipimo vya usalama wa dawa na kemikali, kwa utafiti wa msingi ni mzigo. TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyo chini ya WHO (Shirika la Afya Duniani), wana mwongozo wao wa utafiti wa msingi wa tiba, huo ndo unatufaa. Ukitaka kubadili jaribio katikati ya siku we badili, ila andika. Anza na daftari: kurasa zina namba, peni sio penseli, ukikosea piga mstari mmoja kosa lisomeke, weka tarehe. Mwanafunzi wetu mmoja alimaliza akaondoka, aliyempokea akarudia jaribio lake lote kwa kusoma daftari tu, hata simu hakumpigia.