Jibu: Mtoto anauliza kama ndoto zina maana

Dada, umesema binti yako wa miaka 6 aliota mamba anamfukuza, na bibi yake akasema ni ishara. Wangu naye aliota hivyohivyo, hapa Entebbe. Kumbe jioni ile jirani alikuwa amesimulia habari za mamba wa ziwani! Nilimwambia ubongo haulali, unachanganya mambo ya mchana kama mchuzi. Kisha nikamwonyesha mdogo wake usingizini: macho yanacheza chini ya kope. Watafiti wa Chicago waliliandika hilo mwaka 1953. Ukimwamsha mtu macho yakicheza hivyo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Ishara mimi siamini, ila bibi simbishii mbele ya mtoto. Muulize tu anaogopa nini. Wangu alitaka mlango uachwe wazi kidogo.