Shangazi Jikoni: Nimeacha nyama, sasa nimechoka na maharage

SWALI: Shikamoo shangazi. Niliacha nyama na samaki mwaka jana kwa hiari yangu, ila mayai na maziwa bado natumia. Mwanzoni nilikuwa na hamu ya kujaribu mapishi, sasa kila siku ni wali, maharage na mchicha. Mume wangu anasema nyumba imegeuka bweni. Juu ya hayo, siku hizi nachoka upesi, nikipanda ngazi nahema. Nirudie nyama? Na kama sirudii, nipike nini?
Msomaji aliyechoka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na ngazi, mapishi yatafuata. Kuhema hivyo hakutibiwi kwa kubadilisha kiungo. Nenda kapime damu: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, na vitamini B12. Usikimbilie kumeza vidonge vya chuma kwa kukisia, maana chuma kikizidi mwilini nacho kinadhuru. Tena uchovu una sababu nyingi, na nyingine hazina uhusiano wowote na unachokula.

Huku ukisubiri majibu, tazama kikombe chako. Chai au kahawa ikiandamana na chakula huzuia sehemu kubwa ya chuma cha mimea kisiingie mwilini. Isogeze mbele walau saa moja. Kwenye chakula chenyewe weka kitu chenye vitamini C: kamulia limau, katia nyanya mbichi au pilipili hoho, malizia na chungwa. Chuma cha mimea hakinyonywi kirahisi kama cha nyama, kwa hiyo vijambo hivi vidogo si vya kupuuzwa. Na mboga ya majani peke yake usiitegemee kwa kazi hii. Adesi, maharage, ufuta na mbegu za maboga ndivyo viwe tegemeo lako.

Kuhusu protini, mwambie mzee atulie. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 48 hivi. Gramu 100 za adesi zilizopikwa zina karibu gramu 9, na bado hujahesabu yai, maziwa, karanga, hata wali wenyewe. Wala si lazima nafaka na kunde zikutane kwenye sahani moja. Zikiliwa siku hiyohiyo yatosha.

Sasa hilo bweni. Uliondoa nyama, upishi ukaacha uleule. Nyama ilikuwa inakuletea harufu ya kukaangika, ladha nono na kitu cha kutafuna. Ulipoitoa, vyote vitatu vikaondoka nayo, ukabaki na sufuria moja ya vitu laini vilivyochemshwa chukuchuku. Mimi ningechoka mapema kuliko wewe.

Ladha nono haiko kwenye nyama peke yake. Mwaka 1908 mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliitafuta ndani ya supu ya mwani akaikuta: ni glutamati. Iko pia kwenye nyanya zilizoiva sana, uyoga, jibini iliyokomaa na mchuzi wa soya. Kwa hiyo nyanya usiitupie tu sufuriani pamoja na maji. Iache ikaangike na kitunguu mpaka mafuta yajitenge na rangi iwe nyekundu iliyokolea, ndipo umimine adesi. Hapo tu, chakula kimeshabadilika.

Uyoga ndio unaoharibiwa na wengi. Kata vipande vinene. Kikaango kiwe cha moto na kikavu, bila mafuta wala chumvi, na usivirundike. Vitatoa maji na kutokota, viache. Maji yakikauka mlio unageuka, kutoka kutokota unakuwa mchakacho. Hapo weka mafuta, vibane kwa mwiko vishike rangi ya kahawia, kisha kitunguu saumu kilichopondwa na matone machache ya mchuzi wa soya. Chumvi mwisho. Mpe mzee bila kumwambia kitu.

Kwa kitu cha kutafuna, chukua dengu zilizokwisha kuiva, zichuje, zifute kwa kitambaa mpaka zikauke kabisa. Zikaange kwa mafuta kidogo mpaka maganda yaanze kupasuka. Ukishaepua ndipo unyunyize bizari nyembamba na pilipili, kwani bizari ikiungua inakuwa chungu. Zimwage juu ya wali au boga la kuoka. Vile vipande vikavu vya soya vinavyojifanya nyama, kama unavipenda vile. Mimi vinanikumbusha sifongo.

Maharage hujaambiwa uyaache. Mekundu yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto. Yana sumu ya asili, na sufuria ya umeme ya moto mdogo haiiondoi.

SWALI: Shangazi, kijana wangu wa miaka 16 ameacha nyama, mayai na maziwa kwa mpigo. Anakula vizuri, mboga za kila rangi. Kuna ninachopaswa kuhofia?
Mama wa kijana

JIBU: Kipo, dada yangu: B12. Vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, na mimea haina ya kutegemewa, hata iwe ya rangi zote. Mwili huweka akiba kwenye ini, hivyo upungufu unaweza kuchelewa kwa miaka, na ukija unaleta ganzi mikononi na miguuni ambayo pengine haiondoki. Mboga za majani zina foleti nyingi, vitamini nyingine ya kundi B, nayo huweza kurekebisha damu iliyopungua kwa kukosa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia kimyakimya.

Umri wake unahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kutoka kwenye vyakula vilivyoongezewa B12 au kidonge. Mwulize daktari au mfamasia kipimo cha kidonge, kwani sehemu kubwa hainyonywi. Chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto, na atafute kalsiamu kwenye maziwa ya soya yaliyoongezewa. Mezani usimsimange, mwachie jiko siku moja kwa wiki, apikie nyumba nzima.