Jibu: Perege wa Ziwa Jipe mbona hawakui?
Habari ndugu. Umesema nyavu zako Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, zinaleta perege wa saizi ya kiganja tu, unauliza kama mbegu imeharibika. Anza na wavu: vuta jicho (tundu la wavu) likaze, upime fundo hadi fundo la mkabala. Kisha wafungue midomo hao wadogo, maana perege jike hulea mayai mdomoni. Mimi nilikuta mayai ya njano mdomoni mwa jike asiyejaa hata kiganja. Huyo si mtoto, ni mama mzima! Wakubwa wakivuliwa kila siku, wanabaki wanaozaa mapema wakiwa wadogo. Na matope ya Mto Lumi, unaoingia humo, yanazidi kujaza ziwa. Panua jicho la wavu, uache kuvua pembezoni mwa matete, ndiko vifaranga hujificha.