Maswali ya maji: mita inayohesabu hewa, kisima kilichogeuka chumvi na mengineyo

Masika yameshika, na barua za safari hii zimekuja za aina mbili. Kuna wanaolalamika kwamba maji hayatoki, na kuna wanaolalamika kwamba maji yamewafuata hadi sebuleni. Wengi wao wanaishi mji mmoja, wengine mtaa mmoja. Wanaouliza mgao utaisha lini wawaulize wenye mabomba. Mimi najibu yaliyo ndani ya uwezo wangu.

Mita yangu inaanza kuzunguka kabla maji hayajafika. Bomba linapuliza tu, namba zinapanda. Ina maana nalipia upepo? (Mama mwenye nyumba, Mbagala)

Kwa kiasi fulani ndiyo, dada yangu. Mita nyingi za majumbani zinahesabu mizunguko. Kinachozungusha ni maji au hewa, zenyewe hazijui. Maji yakikatika siku mbili tatu, bomba la mtaa linabaki tupu na kujaa hewa. Yakirudi yanaisukuma hewa hiyo mbele yake, nayo inatafuta pa kutokea. Ikiona kwako pako wazi, inapita hapo, tena kwa kasi kuliko maji.

Kinachowaponza wengi ni boya. Tangi likiwa tupu, boya limelala chini na njia iko wazi usiku kucha. Wengine huacha bomba la uani wazi juu ya ndoo ili wasikie maji yakija. Maji yakikatika, funga koki iliyo baada ya mita. Ukisikia yamerudi mtaani, acha kwanza vishindo vipungue, kisha fungua taratibu. Jirani asiyesoma safu hii ndiye atakayepuliziwa.

Kabla ya kwenda kulalamika, pima. Andika namba ya mita, jaza tangi la lita 1,000 lililokuwa tupu kabisa, soma tena. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo mita iwe imesogea uniti moja. Ikionyesha moja na robo, piga picha namba zote mbili, nenda nazo ofisini pamoja na tarehe. Ukienda na maneno matupu utarudishwa na maneno matupu. Tiba yenyewe hasa ni valvu za kutoa hewa kwenye sehemu za mwinuko za bomba kuu, na hiyo ni kazi ya mamlaka, si yako.

Kwa nini maji yakirudi baada ya mgao yanakuwa na rangi ya chai, na mara nyingine yananuka? Kwenye mtambo si yanasafishwa? (Msomaji, Kinyerezi)

Yanasafishwa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam inatoka Mto Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu, kule Mlandizi, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, inayatoa yakiwa yametiwa dawa. Yanaharibikia njiani, na mgao wenyewe ni sababu kubwa.

Bomba linalovuja likiwa limejaa na lina msukumo, maji yanatoka nje. Ni hasara, lakini uchafu hauingii. Msukumo ukiisha, na hasa maji yakiteremka kuelekea bondeni na kuacha utupu nyuma yake, tundu lilelile linanyonya kilichopo nje. Sasa tembea mtaani kwako uangalie mabomba madogo ya plastiki yanapita wapi. Mara nyingi yamelala ndani ya mtaro wa majitaka, yamefungwa mpira wa baiskeli pale yalipopasuka. Hicho ndicho kinachonyonywa. Rangi ya chai kwa kawaida ni kutu na tope lililotulia bombani, linatibuliwa maji yanaporudi kwa kishindo. Harufu ndiyo ya kuogopa.

Mji wenye maji kidogo ya saa 24 unaweza kuwa salama kuliko mji wenye maji mengi ya siku mbili kwa wiki. Viongozi wetu wanapenda kuzindua mitambo, na mitambo inahitajika kweli, ila sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa sababu mtaa fulani umepata msukumo usiokatika.

Kwako nyumbani: maji ya mwanzo yamwage kwenye maua. Yakiwa na tope, yatulize kwa shabu na uyachuje, lakini shabu inang'arisha tu, haiui vijidudu. Chemsha, au weka kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Klorini ndani ya maji ya tope inamalizwa na tope. Na tafadhali, usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Unavuta maji ya jirani, na pamoja nayo unavuta mtaro.

Nilichimba kisima Kigamboni, miaka ya mwanzo kilitoa maji baridi safi kabisa. Sasa ni chumvi, sabuni haitoi povu. Fundi anasema tuongeze kina. Tuongeze? (Baba wa familia, Kigamboni)

Msiongeze mzee wangu, angalau si kabla ya kusoma haya. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Wataalamu wana kanuni ya zaidi ya karne moja: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna takribani mita 40 za maji baridi kabla ya kukuta chumvi. Ni kanuni tamu mpaka uigeuze. Ukivuta maji hadi usawa wake ukashuka mita 1, baada ya muda chumvi inaweza kupanda mita 40. Ndiyo maana kisima hakigeuki kwa zamu ndogondogo. Kinakaa sawa miaka, kisha ndani ya misimu miwili mitatu kimeharibika.

Na hukuvuta peke yako. Ulipochimba pengine mtaa mzima ulikuwa na visima viwili, sasa kila nyumba ina chake, na hoteli ina pampu inayonguruma usiku kucha. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imewekwa zege. Kinachoingia kimepungua, kinachotoka kimeongezeka.

Ukiongeza kina kwenye kisima cha kawaida cha nyumbani, unaifuata chumvi ilipo. Fanya kinyume: pandisha pampu, tumia pampu ndogo, ivute polepole kwa saa nyingi badala ya kukomba kwa saa moja, na ipe siku za kupumzika. Masika yanaweza kukirudishia ladha, ila usitegemee muujiza kama majirani wanaendelea kukomba. Maji hayo yabaki ya choo na kufulia. Ya kunywa tafuta kwingine. Utaniuliza mbona visima vya mradi wa serikali huko Kimbiji na Mpera ni virefu mno. Vile vinakwenda mita mia kadhaa, kwenye tabaka jingine lililopimwa kwanza, na haviko ufukweni. Fundi wako hajapima kitu. Muulize pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Sisi Maskati tunakunywa maji ya bahari tangu miaka ya 1970. Dar ina bahari mlangoni, mnangoja nini? (Msomaji wa Oman)

Umeme na pesa, ndugu yangu. Kusafisha mita moja ya ujazo ya maji ya bahari kwa mitambo ya kisasa ya kuchuja kunakula umeme wa uniti 3 hadi 4, na zaidi ya nusu ya maji uliyoyavuta unayarudisha baharini yakiwa na chumvi maradufu. Oman haina Ruvu, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine. Sisi tukitengeneza maji ya bei hiyo kisha tukayamimina kwenye mabomba yanayovuja, tutakuwa tunamwagilia barabara kwa maji ghali kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Siku ya kufanya hivyo inaweza kuja. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi ya ukame, ulianza kusafisha majitaka yake hadi kuyanywa mwaka 1968, kwa sababu hesabu ilifika hapo.

Watoto wangu wameanza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Nachemsha maji kila siku. Nichemshe zaidi? (Mama, Arumeru)

Hapana mama, usichemshe zaidi. Hiyo ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya ukanda wenu wa Meru. Moto hauiondoi, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki ileile, kwa hiyo inazidi kukolea. Klorini nayo haiigusi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinazidi.

Njia mbili zinafanya kazi: maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, na kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapohapo wilayani kwenu, kimekifanyia kazi miaka mingi. Mkaa huo unachoka, lazima ubadilishwe, la sivyo unachuja hewa. Na jambo ambalo wengi hawalitazamii: magadi. Yale ya kuivishia makande na maharage yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Madoa yaliyokwisha kutoka hayafutiki kwa kubadilisha maji, lakini meno ya kudumu ya wadogo bado yanajengeka ndani ya fizi hadi karibu miaka 8. Wahi hayo.

Mvua imenyesha Nairobi wiki mbili, barabara ni mito, na mfereji bado umekauka. Hii inawezekanaje? (Mkaazi wa Kayole)

Mvua ya Kayole haiingii Ndakaini. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1994 likiwa na nafasi ya mita za ujazo milioni 70, liko Murang'a na linajazwa na mvua ya Aberdare. Hata likijaa hadi kumwagika, mji unapata kile tu ambacho mtambo wa kusafisha na mabomba yanaweza kupitisha kwa siku, kikivuja na kuibwa njiani.

Mji wa kuutazama ni Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993, baada ya vita, ulikuwa unapoteza asilimia 72 ya maji yake. Walibadilisha mabomba, wakaweka mita kwa kila mteja, wakawatoza hata wakubwa na kambi za jeshi, wakawafukuza wafanyakazi waliouza maji kwa mlango wa nyuma. Upotevu ukashuka hadi karibu asilimia 6, na maji yakatoka saa 24. Mkurugenzi wao wa wakati huo, Ek Sonn Chan, aliwahi kuelekezewa bunduki kichwani alipokwenda kumkatia maji mkubwa mmoja wa jeshi. Kumbe kazi ya bomba nayo ina mashujaa wake.

Bati langu ni mita 10 kwa 8. Tangi la lita 5,000 litanifaa? (Msomaji, Tanga)

Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati lako lina mita 80 za mraba; toa moja ya tano inayomwagika na kurukia nje, unabaki na lita 64 kwa kila milimita. Mvua ya milimita 80 hivi inalijaza tangi, na masika ya pwani hutoa hiyo kwa wiki moja bila taabu.

Kufaa kunategemea matumizi. Watu watano wakitumia lita 200 kwa siku kwa kila kitu, tangi linakwisha siku ya 25. Wakilitunza kwa kunywa na kupikia tu, lita 20 kwa siku, linawafikisha siku 250. Maji ya kwanza ya kila mvua, lita 40 hivi, yapeleke pembeni; yameosha vumbi na vinyesi vya ndege. Midomo yote ya tangi ifungwe wavu, mbu wa dengi anapenda maji masafi kuliko mtaro.

Jirani ameweka pevingi uwanja mzima, na mvua ikianza anatapisha choo. Vyote vinakuja kwangu. Nifanye nini? (Msomaji, bonde la Msimbazi)

Tuanze na pevingi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kikipigwa na mvua ya milimita 50 kinapokea lita 20,000, yaani maboza mawili makubwa. Zamani mchanga ulikunywa sehemu kubwa. Sasa yanakimbia yote kwa nusu saa. Zidisha kwa kila kiwanja kuanzia Pugu hadi Jangwani utaelewa kwa nini mto unajaa haraka kuliko ulivyojaa enzi za wazee. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na manusura wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mwombe jirani ang'oe ukanda wa mita moja upande wa kwako, uchimbwe na kujazwa kokoto, na maji ya bati lake yaelekezwe kwenye tangi. Akikubali nusu tu, chukua hiyo nusu.

Choo ni habari nyingine. Kutapisha ni kufungulia majitaka ya shimo yaende na mvua, hapo usiombe. Ni kosa, na ni kipindupindu. Wengi wanatapisha kwa sababu gari la majitaka halipiti uchochoroni, au kwa sababu linapita lakini bei yake ni ya mwezi mzima wa kodi ya chumba. Ziko pampu ndogo zinazobebwa kwenye guta au bajaji, zinafika mahali gari halifiki, na nyumba tatu nne zikichangia safari moja bei inashuka. Mpelekee hilo kwanza, pamoja na namba ya simu ya mwenye pampu. Akikataa, nenda kwa afisa afya wa kata kabla mvua haijaanza, kwa sababu ikishaanza ushahidi wote unakuwa umeshafika Salenda, pale Msimbazi unapoingia baharini.