"Tunatuma Mikoa Yote" Si Sera ya Usafirishaji

Msomaji anayeuza viatu mtandaoni kutoka Kariakoo ameuliza: mteja wa Mbeya analalamika mzigo umechelewa, ilhali basi lilishaupokea. Nani mwenye kosa? Inategemea ukurasa wake unaahidi nini, nao una maneno matatu tu: "Tunatuma mikoa yote." Hilo ni tangazo.

Tenganisha siku za kuandaa na siku za safari. Ukiandika "siku 2 hadi 3" tu, mteja ataanza kuhesabu dakika ile ile aliyotuma pesa, hata kama ni Jumamosi usiku. Andika hivi: "Oda iliyolipiwa kabla ya saa 6 mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, inapelekwa ofisi ya basi siku hiyo hiyo. Ikilipiwa baada ya hapo, inaondoka siku ya kazi inayofuata. Safari ya Mbeya ni siku 1 hadi 2." Juu ya hapo jiongezee siku moja, anayewahishiwa mzigo halalamiki.

Bei moja kwa Dar nzima ni mtego. Posta ya katikati ya jiji na Chanika ya pembezoni haziwezi kulingana, na boda hatakuonea huruma. Gawa maeneo matatu kwa umbali kutoka dukani, taja mitaa kwa majina. "Usafiri bure" nao upigie hesabu: oda ya 50,000 yenye faida ya asilimia 20 inakuachia 10,000. Boda akichukua 7,000, umebaki na 3,000 na hujanunua hata mfuko.

Kwa mizigo ya ndege, pima na ukubwa wa boksi, si uzito tu. Kanuni iliyozoeleka kwa kampuni za vifurushi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, unapata kilo za kulipia. Boksi la mito la 40 × 30 × 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama mizani inasoma kilo 2.

Sasa penye ugomvi. Wauzaji wengi huandika "hatuhusiki mzigo ukishatoka dukani." Siipendi kabisa hiyo. Mteja hana risiti ya basi wala hajaongea na mtu wa mizigo. Wewe ndiye uliyelipa, wewe ndiye unayeweza kudai. Beba jukumu mpaka apokee, lakini jilinde: ofisi ya basi iandike kwenye risiti kilichomo na thamani yake. Ikiandikwa "kifurushi 1" tu, siku kikipotea mtabishana kama ilikuwa simu au kandambili. Piga picha boksi likiwa limefungwa soltepu, piga na risiti, mtumie mteja pamoja na namba ya basi na simu ya ofisi anakochukulia.

Naye mpe masharti yake. Akague soltepu kabla hajasaini. Ikiwa imechanwa, apige picha akiwa bado pale ofisini. Madai yaje ndani ya saa 24, yakiwa na video ya kufungua.

"Lipa ukipokea" iache kwa Dar, na useme boda atasubiri dakika ngapi: 15 zinatosha. Simu isipopokelewa, safari ya pili analipa mteja. Kurudisha mzigo: ukikosea saizi au rangi, nauli ya kwenda na kurudi ni yako, akibadili mawazo, ni yake. Haya yakae kwenye ukurasa wa bidhaa, juu ya lipa namba, ayasome kabla hajatuma pesa.