Usimpe hiyo dawa ya kufunga tumbo

Dadangu wa Nyalenda, hicho kidonge kiweke chini kwanza. Unasema mwanao na nusu ya darasa lake wanatapika na kuhara, unauliza nguo utazifuaje na mdogo wake aende shule au abaki, kisha unataja kama jambo dogo tu kwamba wa kemisti amekuuzia dawa ya kufunga tumbo. Mimi niliuziwa hiyo hiyo hapa Kondele, Kisumu, nusura nimzike kijana wangu.

Alikuwa na miaka 6. Yule muuzaji akaniambia mpe kidonge, na maji usimpe, maana kila akinywa anatapika. Acha tumbo lipumzike. Nikatii. Kufikia jioni kuhara kumekoma, nikamshukuru Mungu. Kumbe mtoto amekauka. Saa tisa usiku akaanza kulia, nikamfuta uso, leso ikatoka kavu. Mtoto analia bila chozi! Mkojo hakuwa ameupata tangu mchana. Tukapanda boda, nimemkumbatia, shingo imelegea. Nesi akamfinya ngozi ya tumbo, akaiachilia, ikabaki imesimama kama mkunjo wa shuka. Akaniuliza, "Maji umempa lini?" Nikakosa jibu. Mshipa wa kumwekea maji waliutafuta mara nne.

Hadi leo nikipita kwenye duka lile damu inanichemka. Umevaa koti jeupe, mzazi amekuja amechanganyikiwa, unamuuzia mtoto dawa ya watu wazima! Daktari alinieleza kuwa dawa hizo hulaza matumbo, na watoto wadogo hawapewi.

Mpe maji. Koroga pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa anayehara, kwa kipimo kilichoandikwa, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukiikosa, lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi usikadirie kwa mkono. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena kijiko kimoja kimoja. Usimpe kikombe akagugumia. Binti yangu alipougua mwaka uliofuata nilikaa naye kitandani usiku kucha na kijiko cha chai, na kulipokucha akaomba uji. Ulizia pia zinki, anapewa siku 10 hadi 14 kwa jumla, hata kuhara kukiisha mapema.

Akilegea, macho yakididimia au ukiona damu, usingoje kukuche, mpeleke hospitali.

Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho? Nijibu hapa, bado niko macho.